TUSIMLAANI ALIYENASWA NA UNGA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu katika imani,

Sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Unga wa heroini, ulioenea katika miji yetu ya Pwani, wayavunja yote matano. Uharamu wake hauna shaka, wala hatuandiki haya ili kuupunguza. Twaandika kwa ajili ya wale ulionasa, ambao wengi wetu twawaambia, "Acha tu!" kisha twawapa kisogo.

Yatupasa kwanza tujue lililowafika. Mwenyezi Mungu ameumba katika chembe za ubongo protini zilizo mfano wa kufuli, na mwilini humo akatia funguo zake, za kutuliza maumivu. Kufuli zilithibitishwa Baltimore, Marekani, mwaka 1973. Funguo zikatambuliwa Aberdeen, Scotland, mwaka 1975. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, nayo mofini ni ufunguo wa wizi. Mwaka 1996 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila ya kufuli hiyo, mofini haikuwatuliza maumivu, haikuwapendeza, wala kuikosa hakukuwatesa.

Mwizi akizoea kuingia, chembe hujibadili ili zimhimili; kipimo cha jana leo hakitoshi. Na siku asipokuja, mabadiliko yale hubaki: mtu hutetemeka, hutapika, mifupa humuuma, usingizi humtoroka. Ndiyo hali waiitayo arosto. Basi hiari iliyokuwa huru siku ya kwanza, sasa imo minyororoni. Haikufa, lakini yahitaji wa kuisaidia.

Katika Sahihi ya Bukhari mna habari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara kwa mara kwa ulevi. Aliadhibiwa, na mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Nasi je? Tumewahi kumwona kijana wa unga mlangoni mwa msikiti, tukatazama viatu vyetu kabla ya kumwitikia salamu. Twamwomba Mola atusamehe.

Mtume ametuamrisha kujitibu. Methadoni, ambayo Kenya ilianza kuwapa wagonjwa hawa mwaka 2014, huingia katika kufuli ile ile polepole, ikakaa, ikaizuia arosto. Wako wasemao ni kilevi kwa kilevi. Twawajibu: kipimo kilicho mkononi mwa tabibu, kimrudishacho mtu kwenye sala na kazi yake, hakiwi sawa na sumu ya kichochoroni.

Vijana, msionje hata mara moja. Wazazi, mpelekeni mwana wenu kwa tabibu kabla ya kumfukuza. Na sisi sote, tumpe nafasi katika safu.

Wabillahi tawfiq.