Kulamba na Kuondoka

Kwenye maduka ya dawa za mifugo hapa Kilifi kuna jiwe la chumvi linalouzwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Ni tofali zito, mara nyingine jeupe, mara nyingine la rangi ya udongo kwa sababu ya madini yaliyochanganywa humo. Mfugaji analinunua, analiweka zizini, mifugo inalamba. Basi.

Marekani jiwe kama hilo hilo linauzwa pia kwa wawindaji. Mtu analipeleka msituni miezi kadhaa kabla ya msimu wa kuwinda, analiweka karibu na njia wanayopita kulungu, anafunga kamera kwenye mti na kujenga kibanda cha kujificha. Kulungu wanakuja, wanalamba, wanazoea. Hata jiwe likiisha wanaendelea kurudi, wanakula udongo ulionyonya ile chumvi mpaka pale mahali panakuwa shimo. Halafu siku moja aliye kibandani ana bunduki.

Jiwe ni moja. Ulimi ni ule ule. Sasa ubaya, kama upo, uko wapi?

Najua unaweza kusema hili ni swali la watu walioshiba. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wewe unayesoma hii kwa simu ndani ya matatu hujawahi kuona kulungu wa Marekani hata mmoja. Lakini nivumilie kidogo. Nadhani jiwe hili linatuhusu sana, hasa sisi vijana wa huku Pwani.

Tuanze na chumvi yenyewe. Mnyama anayekula majani ana shida ambayo simba hana. Simba anapata chumvi kwenye damu na nyama ya anachokiua. Majani mengi yana sodiamu kidogo mno, na mwili hauwezi kwenda bila sodiamu: mishipa ya fahamu inaitegemea, misuli inaitegemea. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha ndiye anayeihitaji zaidi. Babu yangu, aliyefuga mbuzi Ganze, alikuwa akisema mbuzi akinyimwa chumvi atalamba hata ukuta wa nyumba yako. Kule Mlima Elgon, tembo wanaingia gizani kabisa ndani ya pango la Kitum, wanapapasa njia kwa mikonga, wanachimba mwamba kwa pembe ili wapate chumvi. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyewawekea.

Kwa hiyo mwindaji mwenye jiwe hachezi na ulafi wa kulungu. Anachezea hitaji lake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema, ati, anayenaswa na chambo amejitakia. Chambo kizuri huwa ni kitu ambacho mhusika anakihitaji kweli, na kinafanya kazi kweli. Chumvi ya mwindaji si feki. Inasaidia misuli, inasaidia maziwa. Kulungu anapoilamba hajadanganywa kuhusu chumvi. Amefichwa kitu kimoja tu: nani ameiweka, na kwa nini.

Nilisoma falsafa mihula mitatu kabla karo haijanishinda, na jibu tulilopewa darasani lilikuwa la Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba usimtumie binadamu kama chombo tu cha kufikia malengo yako. Kwa maneno mengine, angalia nia. Mfugaji ana nia njema, mwindaji ana nia mbaya, kesi imekwisha. Lakini kesi haijaisha, kwa sababu nia ya mfugaji nayo ni nini? Nyama, maziwa, pesa ya karo. Mbuzi anayelamba chumvi Ganze leo anaweza kuwa pilau ya Idi kesho kutwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha sahani.

Na kuna wenye nia safi kabisa walioacha uharibifu. Hoteli ya Treetops ilifunguliwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, karibu na Nyeri. Chini yake palimwagwa chumvi ili wanyama waje usiku na wageni wawatazame kutoka juu. Hapo ndipo Elizabeth wa Uingereza alilala usiku ule wa Februari 1952 ambao baba yake alifariki, akapanda mtini binti wa mfalme akashuka malkia. Hakuna aliyekuwa akiwapiga risasi wanyama pale. Walitazamwa tu. Lakini tembo wakiitwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka wanakanyaga na kuvunja, na msitu uliozunguka pale ulichakaa. Huko Marekani nako, majimbo kadhaa yamepiga marufuku au kubana uwekaji wa chumvi kwa sababu ya ugonjwa unaoharibu ubongo wa kulungu. Unaenea kwa mate, na kinachouleta kinaweza kukaa udongoni miaka. Ndimi nyingi kwenye jiwe moja. Aliyeweka jiwe kwa kupiga picha tu na aliyeweka kwa kuua, wote wamekusanya zile ndimi.

Kwa hiyo mimi nimeachana na swali la nia. Nia iko moyoni mwa mtu, na moyo wa mtu ni msitu mwingine. Ninauliza swali ambalo unaweza kulijibu kwa kutazama tu: aliyekuja kulamba anaweza kuondoka jinsi alivyokuja?

Tembo wa Kitum, kwa upande wa chumvi yenyewe, anaweza. Pango halimdai. Kulungu wa mwindaji hawezi, na hajui kwamba hawezi. Na mbuzi wa babu? Huyu ndiye aliyenisumbua muda mrefu, kwa sababu yeye pia haondoki. Yuko zizini, mlango umefungwa kwa kamba. Kama kipimo changu ni hicho tu, babu na mwindaji ni kitu kimoja.

Hapana. Tazama babu alivyoishi na wale mbuzi. Ukame ulipokuja, alitembea nao kutafuta maji. Akiugua mmoja, alilala macho. Fisi akilia usiku, alitoka yeye na rungu, si mbuzi. Aliwaondolea uhuru wa kwenda, na kwa kufanya hivyo akajitwika deni ambalo alililipa kila siku mpaka siku ya kisu. Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Mwindaji wa jiwe hana deni lolote kichwani mwake. Akimaliza anakunja kiti chake, anarudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipofika: ama mwache aondoke, ama beba deni lake. Anayekataa yote mawili ndiye mtegaji, hata kama chumvi yake ni safi na tabasamu lake ni la kweli.

Sasa rudi mjini. Kuna dada mmoja, jirani yetu, alifuatwa na wakala wa kazi za Saudia. Hakuombwa hata shilingi. Pasipoti alilipiwa, vipimo vya hospitali alilipiwa, tiketi alilipiwa. Mtaani tukasema Mungu amemfungulia. Na kazi ilikuwepo kweli, mshahara ulikuwepo kweli, kwani nani alidanganya? Alipofika, pasipoti ikachukuliwa. Mwezi wa tatu alipoomba kurudi, akaambiwa alipe kwanza gharama zote za kumleta. Alikaa miaka miwili. Mfumo wa kafala ulikuwa ukimfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na Saudia ilipolegeza masharti mwaka 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Wakala yule bado anatembea mtaani na anasalimiwa. Ukimuuliza atakuambia alimsaidia msichana maskini. Mimi simbishii kuhusu nia yake. Namuuliza tu mlango wa kurudi ulikuwa wapi, na alipoufunga yeye, alibeba nini?

Au panda gari kutoka Malindi kwenda kaskazini, upite Gongoni mpaka Marereni. Sehemu kubwa ya chumvi tunayokula Kenya inatoka huko. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa, jua linayakausha, inabaki chumvi nyeupe inayoumiza macho. Viwanda viliwekwa vikiwa na neno tamu, ajira, na ajira ilikuja kiasi. Lakini mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake Magarini, baada ya wakazi kulalamika kuhusu ardhi waliyoondolewa, visima vilivyogeuka vya chumvi na mikoko iliyokatwa. Mtu ambaye shamba lake limekuwa bwawa na kisima chake hakinyweki hawezi kusema, basi, sitaki kazi yenu, narudi kulima. Arudi wapi? Aliyefunga njia ile ana deni, na deni hilo si kibarua cha siku. Ni maji, ni ardhi, ni shule ya watoto, na halifutwi kwa kusema kwamba mishahara hulipwa kila mwisho wa mwezi.

Wengine watanijibu kwamba kila kitu maishani ni chumvi ya mtu fulani. Mapenzi ni chumvi, kazi ni chumvi, hata dini inaahidi pepo. Ni kweli, na sitaki tuishi kwa kushuku kila sahani tunayosogezewa. Anayeogopa kila jiwe atakufa kwa kukosa chumvi, na hiyo nayo ni njia ya kufa. Mama anayempikia mwanawe ili arudi nyumbani Idi anamvuta pia. Lakini mwana akisema mwaka huu siji, mama atanuna, atapiga simu mara tatu, na mlango utabaki wazi.

Mimi naishi kwa kuandika, kazi ndogo ndogo, nalipwa kwa idadi ya maneno. Juzi kampuni moja ya kamari ilitaka ujumbe mfupi kumi wa kutuma kwa vijana ambao hawajacheza kwa mwezi mmoja. Dau la kwanza bure, na bure kweli. Malipo yalikuwa kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili. Niliuliza swali moja: kuna neno moja ambalo kijana akilituma, jumbe zinakoma kabisa? Yule bwana akacheka, akasema hilo haliko kwenye bajeti. Nikamshukuru, nikakata simu. Mwenye nyumba yangu bado ananidai.