Amekula kwa Nani?

Kwetu Uvira, Kongo, mtu akila kisha akavimba midomo, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza amekula kwa nani. Swali hilo tulivuka nalo mpaka, tukafika nalo Nakivale, Uganda, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, kila mmoja na chungu chake. Tuliokimbia vita tumeona watu wakiua. Kuamini kwamba chakula kinaweza kumdhuru mtu pasipo mkono wa adui si jambo jepesi kwetu.

Hapa Base Camp, mume na mke walikula ndagala wakavu. Hata saa moja haikupita, nyuso zikawaka moto, kichwa kikawagonga, moyo ukaenda mbio. Mke alikuwa ameshasema kwamba samaki wale wanachoma ulimi kama pilipili, lakini njaa haisikilizi. Jioni, kwenye chumba cha maombi, jina la muuzaji, mjane wa Kirundi, lilikuwa linakemewa pamoja na mapepo. Nilikuwapo. Mimi ni mkatekista, na kanisa lile si langu, basi nilinyamaza.

Muuguzi mmoja aliyesomea Mbarara ndiye aliyetufungua macho. Aina fulani za samaki zikicheleweshwa kwenye joto kabla ya kukaushwa, bakteria huigeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, na histamini haiuawi na moto. Uchemshe, ukaange, imo tu. Histamini hiyohiyo ndiyo mwili wenyewe huimwaga mtu mwenye aleji anapokula karanga, kwa kuwa mwili umeidhania karanga kuwa adui. Ndiyo maana dalili zinafanana, na Piriton, dawa ya aleji, hutuliza. Maziwa ni jambo jingine kabisa. Huku Ankole kikombe cha maziwa ni heshima, na Mkongo akikikataa huonekana ana kiburi. Kumbe watu wazima wengi duniani utumbo wao umepunguza kimeng'enya cha kuyeyusha sukari ya maziwa tangu walipoachishwa kunyonya. Wafugaji wengi wanacho kwa kurithi. Mpe Mkongo huyo yaliyoganda, pengine atayanywa.

Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akawaambia si yeye wala si wao. Wahubiri wetu huikimbilia sehemu ya pili ya jibu, kazi za Mungu kudhihirishwa, na mimi hukwama kwenye ya kwanza. Yapo maumivu yasiyo na mkosaji. Moyo hauyapendi, kwa sababu mkosaji angalau unaweza kumkemea.

Shehe wa Kisomali tunayepakana naye aliniambia jambo lililonikaa. Mtume Muhammad aliletewa nyama ya mjusi wa jangwani akaondoa mkono asiile, maana haikuwa chakula cha kwao na nafsi yake haikuipenda. Sahaba wake, Khalid bin Walid, akaila palepale, na hakukatazwa. "Mwalimu," akasema, "kukataa kwa mwili hakuharamishi chakula, wala hakumlaani aliyepika."

Mjane hana dhambi ya kutaka kuua. Uzembe, labda, kama alijua wale samaki walilala juani, lakini yeye huwanunua wakiwa tayari wamekauka. Ila maarifa yanayomwachilia yeye yanatufunga sisi tuliobaki. Huku karanga za kusaga hufichwa ndani ya mboga, na mtoto mwenye aleji kali akibanwa pumzi, Piriton peke yake haimwokoi. Anahitaji sindano ya adrenalini upesi, na Mbarara ni mbali. Aliyeambiwa hivyo kisha akamwambia mama, "Mlishe kwa imani," huyo sasa ana la kujibu.

Nilimfuata mchungaji wa chumba kile nikamwomba, kwenye chakula cha msiba, atangaze sufuria ipi ina karanga. Amesema ataliombea.