Haki ya Mtoto Aliye Tumboni na Kinga ya Mama Yake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, amuumbaye mwanadamu katika giza la tumbo la mamaye na kumruzuku humo kabla hajajua kuomba. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika vijiji vya milima ya Uluguru, tangu Mgeta hata Matombo na Kinole, liko jambo ambalo watu wamelizoea mpaka wameacha kuuliza sababu yake. Mama hujifungua salama, mtoto hulia, jamaa hufurahi. Kisha kabla ya siku ya pili kwisha, mtoto huacha kunyonya, huvuta pumzi kwa taabu, mwili hulegea, na pengine hushikwa na degedege. Kukicha amekwisha kufa. Wazee husema ajali yake imefika, mtoto huzikwa, na mama huambiwa asubiri.

Maneno hayo ni ya haki, nayo ni faraja kwa mwenye msiba. Lakini liko suali linalopasa kuulizwa kabla ya msiba, wala si baada yake. Ikiwa iko njia ya kumkinga mtoto, na wazazi wakaiacha kwa kusema kwamba wamemtegemea Mungu, je, subira hiyo ni ya nani? Na haki iliyoachwa ni haki ya nani?

MARADHI YENYEWE

Wahenga walidhani degedege huletwa na ndege mkubwa apitaye usiku juu ya nyumba. Pepopunda nayo, kama jina lake linavyoonyesha, waliidhania kuwa ni pepo. Leo yajulikana kwamba vifo vya watoto wachanga vina sababu nyingi, na mojawapo ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, kiitwacho streptokoki wa kundi B. Herufi hiyo ilitokana na kazi ya Rebecca Lancefield wa Marekani, aliyevigawa vijidudu vya jinsi hiyo katika makundi mwaka 1933.

Kijidudu hiki hukaa katika matumbo na katika njia ya uzazi ya wanawake wengi wenye afya, wala hakiwadhuru, wala hawakijui. Si alama ya uchafu, si alama ya uzinzi, wala hakuna dhambi ndani yake. Uchunguzi wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2009, ulikikuta kwa wajawazito 23 katika kila 100. Kilifi, pwani ya Kenya, walipochunguzwa wanawake 7,967 tangu mwaka 2011 hata 2013, walikuwa nacho 12 katika kila 100. Mtoto hukipata wakati wa kuzaliwa, na pengine tumboni kabla hajazaliwa. Walio wengi hawapati dhara. Lakini katika kila watoto 100 wa mama walio nacho, mmoja au wawili huugua, na maradhi huingia katika damu, au mapafu, au utando wa ubongo. Wapo wanaopona wakabaki viziwi, au wazito wa akili, au wasioweza kutembea.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kila mwaka karibu ya watoto wachanga 100,000 hufa kwa sababu ya kijidudu hiki ulimwenguni, na wengine wasiopungua 46,000 huzaliwa wakiwa wafu. Fungu kubwa la msiba huo limeangukia Afrika.

KINGA ITOKAYO KWA MAMA

Mbona basi mtoto mmoja huugua na mwenzake asiugue, na mama wote wawili wanacho? Carol Baker na Dennis Kasper walionyesha mwaka 1976 kwamba mama ambao watoto wao waliugua walikuwa na upungufu wa kingamwili katika damu yao, yaani zile asili za damu ambazo Mwenyezi Mungu amezifanya kuwa askari wa mwili. Mama aliye nazo kwa wingi humpa mtoto fungu lake kupitia kondo la nyuma, zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba. Kwa hiyo mtoto azaliwaye kabla ya siku zake huja ulimwenguni na askari wachache, naye yumo katika hatari zaidi. Baada ya kuzaliwa, maziwa ya mama huongeza kinga nyingine.

Jambo hili si gumu kufahamika kwa Waluguru. Kwao mtu huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo huja kwa njia hiyo. Hata Matombo, jina lenyewe kwa Kiluguru lina maana ya matiti. Basi kama mtoto anavyorithi ukoo kwa mama, ndivyo anavyorithi kinga yake ya kwanza. Na kama vile mama asiye na shamba hana shamba la kurithisha, vivyo hivyo mama ambaye damu yake haina kinga ya maradhi fulani hana cha kumpa mwanawe.

Hapo ndipo ilipo kazi ya chanjo. Mama huchanjwa, mwili wake hufanya askari, na mtoto hupewa kabla hajazaliwa. Jambo hili limekwisha kuonekana kwa pepopunda. Wajawazito walichanjwa mwaka hata mwaka, na mwaka 2012 ikathibitishwa kwamba Tanzania imeipunguza pepopunda ya wachanga ikawa chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1,000 wazaliwao hai katika kila wilaya. Yule aliyedhaniwa pepo aliondoka kwa sindano ya mkononi.

Chanjo ya streptokoki wa kundi B ilijaribiwa kwanza kwa wajawazito huko Marekani, na khabari zake zikatolewa mwaka 1988. Tangu hapo zimetengenezwa nyingine bora, lakini hata kufika mwaka 2024 hapakuwa na hata moja iliyopata idhini ya kutumiwa na watu wote. Njia iliyopo ni kumpa mama penisilini katika mshipa wakati wa uchungu, nayo hufaa zaidi ikitangulia kuzaa kwa saa nne. Hiyo huzuia maradhi ya juma la kwanza, lakini haizuii yale yajayo baada ya juma hilo. Tena mama aliyejifungulia nyumbani haipati.

DALILI ZA HAKI YA MTOTO

Mtu aweza kusema: mtoto aliye tumboni bado si mtu wa kudai. Sheria haikusema hivyo. Mja mzito akimkhofia mtoto wake huruhusiwa kufungua katika Ramadhani; na katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, yafuatwayo na walio wengi katika nchi hizi, akifungua kwa ajili ya mtoto peke yake hulipa siku hizo na hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mtu akifa akaacha mke mwenye mimba, fungu la mtoto huwekwa katika urithi. Mwenye kumpiga mja mzito akaiharibu mimba hutozwa diya. Na mwanamke aliyepasiwa na adhabu ya kifo haadhibiwi mpaka azae. Ikiwa nguzo ya saumu imelegezwa kwa ajili ya mtoto asiyeonekana, ni nani awezaye kusema kwamba hana haki?

SHAKA NA MAJIBU YAKE

Shaka ya kwanza ni ya ajali. Husemwa kwamba aliyeandikiwa kufa atakufa, achanjwe mama asichanjwe. Shaka hii ilikwisha kujibiwa katika mwaka wa 18 wa Hijra, wakati Sayyidna Umar aliporudi njiani asiingie Sham kwa sababu ya tauni. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari akiingia katika kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bondeni lenye upande wa majani na upande mkavu: apeleke wanyama wake upande wowote, ni kwa kadari ya Mungu. Watu wa Uluguru wanaujua mfano huo kwa miguu yao. Upande wa mashariki wa milima hupata mvua nyingi itokayo baharini, na upande wa magharibi ni mkavu zaidi. Mvua ni kadari na ukavu ni kadari, wala hakuna mkulima aachaye kuchagua shamba kwa sababu hiyo.

Shaka ya pili ni ya subira, nayo ina nguvu kuliko ya kwanza. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i wamesema kwamba kujitibu ni sunna, wala si faradhi, kwa kuwa kupona si yakini. Na imepokewa khabari ya mwanamke aliyemshtakia Mtume (s.a.w.) kifafa chake, akahiarishwa baina ya kuombewa apone na kusubiri alipwe Pepo, naye akachagua kusubiri. Basi husemwa: kwa nini wazazi wasichague kama alivyochagua yule?

Jibu ni kwamba mwanamke yule alichagua katika mwili wake. Mtu aweza kuisamehe haki yake, lakini haki ya mwenziwe hana idhini ya kuisamehe. Mwenye kuwekewa amana akaiacha mvuani hawezi kujitetea kwa kusema kwamba yeye ni mtu wa kusubiri. Subira ya mzazi huanza pale njia zilipokwisha. Kabla ya hapo, anayesubirishwa ni mtoto, naye hakuulizwa.

Shaka ya tatu ni kwamba chanjo hizi zajaribiwa kwa Waafrika. Shaka hii haipasi kudharauliwa, kwani yapo mambo yaliyopita yanayoipa nguvu, na sheria imekataza kudhuru na kudhuriana. Lakini streptokoki wa kundi B ana namna kumi, na namna zinazouwa hazilingani kila mahali. Tena mama mwenye virusi vya Ukimwi humpa mtoto askari wachache zaidi. Chanjo isiyopimwa katika nchi hizi yaweza kuja isiwafae watu wake. Wajawazito wa Afrika ya Kusini na wa Uganda wamekwisha kujitolea katika majaribio hayo. Hakuna mwanamke awezaye kulazimishwa. Yapasa aelezwe yote kwa lugha aifahamuye, awe huru kukataa, na faida ikipatikana irudi kwa watu wake, isiishie kwa matajiri. Masharti hayo yakitimia, aliyekubali amewatendea wema watoto asiowajua, na asiyekubali hana lawama.

WAJIBU NI WA NANI

Lisidhaniwe neno hili kuwa ni mzigo mwingine juu ya mgongo wa mama. Mkono mmoja haulei mwana. Mara nyingi mama hukaa nyumbani si kwa kuchagua, bali kwa sababu mume hakutoa nauli, au mjomba hajasema neno, au njia ya mlimani imeteleza kwa masika na hapana wa kumshika mkono. Wanazuoni wengi wa kale hawakuingiza gharama ya dawa katika nafaka ya mke. Lakini hapa kinacholindwa ni mtoto, na mtoto ni wa baba yake katika nafaka. Baba aliyeweka akiba ya akika, asiweke nauli ya kumshusha mama Morogoro, ameitanguliza sunna ya siku ya saba na kumsahau yule ambaye huenda asiifikie siku hiyo.

Yapasa basi mama ahudhurie kliniki mapema na achanjwe pepopunda. Ajifungulie penye mkunga aliyefundishwa. Chupa ikipasuka na uchungu ukachelewa, au mama akashikwa na homa, au miezi haijatimia, mkunga aambiwe upesi. Mchanga akiacha kunyonya, au akipumua kwa taabu, au akilegea, apelekwe saa ile ile, wala asingojewe mpaka kukicha. Na maimamu wa misikiti wayaseme haya katika khutba, kwani wanaoshika nauli ndio wanaoketi mbele yao siku ya Ijumaa. Chanjo itakapopata idhini na kufika milimani, isikataliwe kwa dhana tupu, wala isipokewe bila ya kuuliza.

Baada ya kufanya yote hayo, mtoto akifa, basi hapo ndipo mahali pa subira, na mama aambiwe asubiri bila ya haya. Mwenyezi Mungu awahifadhi wachanga wa Waislamu na wa watu wote, na awape wazazi wao kuitunza amana kabla haijatakwa.

Amin.