Hukumu ya Mtu wa Kando ya Njia

Katika michezo ambayo wanadamu wameibuni ili kupimana nguvu, ni michache inayomnyima mtazamaji kama yanavyomnyima mwanakijiji mashindano ya baiskeli ya barabarani. Aendaye uwanjani kutazama kandanda huona mwanzo na mwisho, hujua nani kafunga na nani kafungwa, na hurejea nyumbani hukumu yake ikiwa tayari; lakini yule akaaye kando ya barabara katika kijiji cha milima ya Pyrenees, siku yapitapo mashindano ya kuizunguka Ufaransa, yaliyoanzishwa mwaka 1903, hungoja tangu asubuhi jambo ambalo likifika halimpi hata nafasi ya kupepesa macho. Je, mtu huyo ameona nini? Na kwa kuwa ameona kidogo hivyo, ana haki ya kumsifu nani?

Kwanza huja msafara wa wafanyabiashara, wakirusha kofia na peremende kwa watoto. Kisha pikipiki za askari. Kisha, aghalabu, watu wachache waliochomoka mbele, vinywa wazi, chumvi ya jasho imeganda mabegani. Baada yao kundi lenyewe, watu zaidi ya mia wamebanana bega kwa bega, na sauti yao si kelele bali ni mvumo wa minyororo na mipira juu ya lami, na upepo unaozipeperusha nguo za waliosimama karibu. Hufuata magari yaliyobeba baiskeli za akiba juu ya mapaa, na nyuma yao waliopungukiwa na pumzi, mmoja hapa na mmoja kule. Mwisho wa wote ni gari la ufagio, lililoanza kutumika mwaka 1910 kuwazoa wale ambao miili yao imekataa kuendelea.

Sasa mwanakijiji akisema kwamba amemwona bora wa watu hawa, basi amesema asilolijua. Yule anayeliongoza kundi, ambaye uso wake ndio wa kwanza kuonekana na jina lake ndilo la kwanza kuitwa, huenda akawa mtumishi tu, aliyeajiriwa kuukata upepo ili bwana wake, aliyejificha nyuma ya migongo ya wenziwe, azihifadhi nguvu zake mpaka saa ya mwisho. Na jioni mtumishi huyo atafika nyuma ya wengi, wala hapana atakayemwuliza habari za upepo alioukata. Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika, na hapa methali hiyo inatimia herufi kwa herufi. Daraja aionayo mtu wa kando ya njia ni daraja ya pale pale na ya wakati ule ule. Hailingani na ile itakayoandikwa mwisho wa safari, na hata hiyo itakayoandikwa haimtaji aliyeubeba mzigo wa mwenziwe.

Kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan kiliyaona haya kwa namna iliyobaki katika tarehe ya mashindano. Mwaka 1913 Eugène Christophe, mmoja wa waliotazamiwa kushinda, alikuwa akiteremka mlima wa Tourmalet mara foko, yaani ule uma wa chuma ulishikao gurudumu la mbele, ikamvunjikia. Kanuni za zama zile zilimtaka kila mshindani ajitengenezee mwenyewe chombo chake bila msaada wa mtu. Basi aliitwika baiskeli begani, akaenda kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kijijini, akaingia katika kiwanda cha mhunzi, na mbele ya macho ya wasimamizi akaushika mwenyewe moto na nyundo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: aliifua foko yake mpaka ikaungana, akapanda, akaendelea. Lakini mikono ya mwanadamu ni miwili, na alipokuwa ameshika chuma na nyundo, mtoto mmoja alimvukutia moto. Kwa ajili ya pumzi zile za mvukuto Christophe aliongezewa adhabu ya dakika 10, ambazo baadaye zilipunguzwa zikawa 3, juu ya saa alizokwisha kuzipoteza. Alifika Paris akiwa wa saba. Mwaka 1919 alikuwa mtu wa kwanza kuvishwa fulana ya manjano ya mwenye kuongoza, na foko ikamvunjikia tena, safari ikiwa karibu kwisha. Hakupata kuyashinda mashindano hayo maisha yake yote.

Tusiharakie kuwalaumu wasimamizi wale. Hukumu isiyotazama kanuni ni upendeleo, na mashindano yasiyo na saa ya kweli ni matembezi. Wao waliwekwa kupima muda, na muda waliupima. Lakini watu wa kijiji, ambao hawakuwa na saa mkononi wala daftari la madaraja, walimwona mtu anayepambana na moto. Na kibao cha kumbukumbu kilichowekwa mahali pale kinamtaja yeye aliyeshindwa, si Philippe Thys aliyetwaa ushindi wa mwaka ule. Sheria ilimhesabia alichokifikia, wanakijiji wakamhesabia alichokitoa.

Huenda mtu akateta kwamba, tukiifuata hesabu hiyo ya wanakijiji na kuwashangilia wote sawasawa, tutakuwa tumeiua hamu ya kushinda na kumfanya mvivu awe ndugu wa mwenye juhudi. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau mvivu angeweza kufika kijijini. Kila apitaye pale ameulipia upitaji wake kwa miguu yake, na hata wa mwisho, ambaye ufagio unamnyemelea kisogoni, amepanda mlima ule ule. Jambo hili hulijua sana watu wa vijiji vya Rwanda, ambako mashindano ya nchi hiyo hupita kila mwaka kati ya vilima: mkulima ambaye husukuma baiskeli yenye viazi kupanda kilima kile kile hahitaji kuelezwa kwamba aliye nyuma naye ana haki ya makofi.

Na sisi, kila mmoja kwa jirani yake, ni watu wa kando ya njia. Tunamwona mtu katika kipande kifupi cha umri wake, ametangulia au amebaki nyuma, na hatujui alianzia wapi, ameukata upepo wa nani, wala nini kilimvunjikia mlimani kabla hajafika machoni petu. Hata hivyo tu wepesi wa kutangaza kwamba huyu amefaulu na yule ameharibikiwa. Dini zetu zinafundisha kwamba hukumu ya jumla ni ya Mola peke yake, na wengi hulichukua fundisho hilo kama tishio. Kwa hakika ni nafuu kubwa kwetu: tumeondolewa kazi tusiyo na macho ya kuifanya, tukaachiwa ile tunayoiweza, nayo ni kumtia moyo kila apitaye, wa mwisho kama wa kwanza, na kumvukutia moto aliyevunjikiwa, hata kama kanuni itatuhesabia kosa.