Kabla ya Kuhama, Hesabuni Saa



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mume na mke walinisubiri kando ya ofisi ya parokia. Walikuwa wamenuniana. Mama alianza bila kuzunguka: "Katekista, tusaidie. Baba watoto anataka tuhamie Kitengela, na mimi sitaki."

Wanakaa Umoja, katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala. Wana msichana wa Gredi ya 5 na mvulana wa Gredi ya 2. Baba ni karani wa stoo katika Eneo la Viwanda. Mama anauza nguo za mitumba Gikomba, na anayefika Gikomba baada ya marobota kufunguliwa hubaki na nguo zilizokataliwa na wenzake. Shule wanayosomea watoto wao imejaa. Yule mdogo anaketi katika darasa la watoto karibu 90. Baba alikuwa ameona shule nyingine Kitengela. Darasa halizidi watoto 25, uwanja wa kuchezea upo, na kwa kodi ile ile wangepata nyumba ya vyumba viwili.

Msimwone baba huyu kuwa mtu wa makuu. Mtoto wa 90 hamsikii mwalimu, na mzazi anayeliona jambo hilo akanyamaza atajibu mbele ya Mungu. Lakini niliwasikiliza kwa moyo mzito, kwa sababu jambo hili niliwahi kulipima mimi mwenyewe, na nikalikosea.

Mwaka 2013 tulihamia huko huko Kitengela. Nyumba nilikwenda kuiona Jumapili alasiri, na matatu ilinifikisha kabla saa moja haijaisha. Hewa nzuri, ng'ombe wa Wamaasai ng'ambo ya barabara, shule ya kupendeza. Nikalipa kodi siku ile ile. Ndugu zangu, barabara ya Jumapili si barabara ya Jumatatu. Magari ya Kitengela hukutana na Mombasa Road pale Athi River, pamoja na malori yanayotoka bandarini, na mvua ikinyesha hakuna anayejua atafika saa ngapi. Nikawa natumia saa nne barabarani kila siku. Siku 5 kwa wiki ni saa 20. Kwa wiki 46 za kazi ni saa 920, yaani zaidi ya siku 38 nzima, usiku na mchana. Karibu Kwaresima nzima, na hapo sijafunga chochote!

Kosa kubwa zaidi ni kwamba nilihesabu safari yangu tu. Mke wangu alikuwa akifanya kazi Westlands, upande wa pili wa jiji, akibadilisha magari mawili. Sikumuuliza. Na mtoto sikumhesabu kabisa, kwa maana niliambiwa kuna gari la shule. Sikuuliza gari hilo linaanzia wapi. Kumbe linaanzia kwetu! Mwanangu wa miaka saba alichukuliwa wa kwanza, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, na kurudishwa wa mwisho magharibi. Aliyekaa karibu na shule alikuwa bado amelala.

Mimi na mama watoto tukawa tunakutana mlangoni kama mabawabu wanaopokezana zamu. Mazungumzo yetu yalikuwa nauli, karo na gesi. Na chumbani, wasomaji wa ukurasa huu ni watu wazima, mtanielewa: mtu aliyechoka kiasi hicho hana mume wala mke, ana mto tu.

Ndipo ikafika mwaka 2015, mtoto akaenda kuulizwa maswali kabla ya Komunyo ya kwanza. Padre akamuuliza kwa upole, "Nani hukufundisha kusali nyumbani?" Akajibu bila wasiwasi, "Anti." Yaani msichana wetu wa kazi, ambaye isitoshe hakuwa Mkatoliki. Ninamshukuru msichana yule hadi leo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kanisa na kitabu cha katekesi mkononi, mimi ninayefundisha watoto wa watu kila Jumamosi.

Jioni ile nilifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Mungu anawaagiza wazazi wawafundishe watoto amri zake, na anataja na nyakati: wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Nikajipima. Mtoto alipoamka, mimi nilikuwa stendi. Nilipoketi nyumbani, yeye alikuwa amelala. Njiani kila mtu alikuwa na gari lake. Zote nne nilikuwa nimezipoteza, nami nilizilipa ili nipate shule. Na tangazo la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya malezi ya Kikristo, la mwaka 1965, lilikwisha kutuambia kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu, na wakikosekana ni vigumu kupata wa kujaza nafasi yao. Mwalimu wa darasa la watoto 25 hawezi kuijaza. Hata awe mtawa.

Tulihama mwaka 2016, tukaja Embakasi, kwenye shule ya kawaida. Wakati ule bado tulichagua shule kwa alama za KCPE zilizoandikwa langoni, na lango la shule hii halikuwa na la kujivunia. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku hizi mtaala wa umilisi unamtaka mzazi ashiriki kazi ya mtoto jioni, na mtu aliye ndani ya matatu pale Mlolongo atashiriki vipi?

Basi nikawaeleza wale wawili habari ya Lutu, katika Mwanzo sura ya 13. Abramu alimwachia achague kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akachagua. Alichokiona kilikuwa kweli. Bonde lilikuwa na maji. Ila katika habari yote ya kuchagua kwake hatumsikii akimuuliza mtu neno lolote. Baba akatazama chini. Mama naye alitaka kucheka, nikamkatiza: "Na wewe mama, darasa la watoto 90 umelifanyia nini, zaidi ya kusema hutaki?" Akanyamaza.

Nikawapa kazi ya kufanya. Kila mmoja aandike saa atakayotoka na saa atakayorudi kutoka kila mtaa wanaoufikiria, na watoto waandikiwe zao. Kisha watafute saa moja ya jioni ambayo angalau mzazi mmoja yuko nyumbani na mtoto hajasinzia. Mtaa usio na saa hiyo waufute, hata kama shule yake ina bwawa la kuogelea. Mtaa wenye saa hiyo lakini darasa halifundishiki, nao waufute. Shuleni waulize mtoto *wao* atachukuliwa saa ngapi. Kanuni za elimu za mwaka 2015 zinakataza shule ya kutwa kumtaka mwanafunzi afike kabla ya saa moja na robo asubuhi, lakini anayekaa mwisho wa njia huamshwa mapema kuliko hapo. Na wasichague kwa pupa wakidhani ni jambo la mwaka mmoja. Tangu Januari 2023 sekondari msingi imewekwa katika shule za msingi, kwa hiyo mtoto anaweza kubaki uwanja ule ule hadi Gredi ya 9. Baada ya hapo huenda akaenda bweni, na jioni zake mtakuwa mmezimaliza.

Wapo ambao hesabu hii itawapeleka mbali na mji, nao wasiogope. Anayefanya kazi Athi River, Kitengela ni nyumbani. Anayekaa karibu na kituo cha Syokimau ana treni ya abiria tangu mwaka 2012.

Baba yule hakuridhika na karatasi. Alikwenda kulala kwa binamu yake Kitengela kuanzia Jumapili, akawa anatoka huko kwenda kazini. Alhamisi usiku, karibu saa tatu, alinipigia simu. Nilisikia honi nyuma yake na kondakta akigombana na mtu juu ya chenji. Hakunisalimu vizuri. Aliniuliza tu kama ninajua shule yoyote upande wa Donholm ambayo madarasa yake si makubwa sana.