Je, Yusufu Alisamehe? Ugomvi wa Ndugu na Kimya cha Msimulizi katika Kitabu cha Mwanzo

Kisa cha Yusufu, katika sura ya 37 hadi ya 50 za kitabu cha Mwanzo, aghalabu husomwa kama kielelezo cha msamaha usio na shaka. Kijana wa miaka 17 anauzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Baadaye anapata mamlaka Misri, anawaokoa na njaa na kuwasamehe. Makala haya yanakihoji kitenzi hicho cha mwisho. Msomaji makini atagundua kwamba Yusufu hatamki popote kuwa amewasamehe ndugu zake. Je, anayeokoa huwa pia amesamehe?

Tuanze na sura ya 45. Yusufu anajitambulisha, analia, kisha anawataka ndugu zake wasijilaumu, maadamu Mungu ndiye aliyemtanguliza Misri ili kuhifadhi maisha. Maneno haya yanafariji, lakini hayalijibu kosa lenyewe. Yanalipita na kuyatazama matokeo yake. Upungufu huo unadhihirika katika sura ya 50. Yakobo ameishi Misri miaka 17 na sasa amefariki, na mara ndugu wanaingiwa na hofu ya kisasi. Hofu iliyodumu muda huo wote ni ushahidi kwamba jambo halikuwa limekwisha.

Ndugu wanatuma ujumbe kwamba marehemu baba yao aliagiza wasamehewe. Msimulizi hakutuonyesha Yakobo akiyasema hayo, wala hakutueleza kama mzee aliwahi kuujua uovu wao. Yamkini wameyabuni. Waliomdanganya baba kwa kanzu iliyochovywa katika damu sasa wanalitumia jina la baba huyo kumtuliza mwana. Hata toba yao ina alama ya kosa la awali.

Hata hivyo, ombi lao si la kupuuzwa. Kitenzi cha Kiebrania wanachokitumia, nasa, kina maana ya msingi ya kuinua au kubeba. Ndicho kitenzi kinachotumika katika sura ya 40, pale Farao anapokiinua kichwa cha mnyweshaji ili kumrudishia cheo, na cha mwokaji ili kumwua. Kwa hiyo, katika lugha ya matini hii, kusamehe ni kubeba uzito wa kosa la mwingine. Wanachokiomba ndugu ni kwamba aliyeumizwa auchukue mzigo wa waliomwumiza.

Yusufu analia, kisha anauliza kama yeye yuko mahali pa Mungu. Baadhi ya wasomaji huliona jibu hili kuwa ni kukwepa. Sisi tunadai vinginevyo. Kwanza, anautaja uovu wao kwa jina lake: wao walikusudia mabaya, Mungu akakusudia mema. Kitenzi ni kimoja kwa pande zote mbili, na wema wa lile kusudi la pili haulifuti la kwanza. Pili, ndugu wamejitupa mbele yake na kujiita watumwa, naye anakataa. Msamaha unaotolewa na mtawala kwa watu waliosujudu ungekuwa rehema ya bwana kwa mtumwa, usingeurudisha udugu. Badala ya hukumu, anaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Hajasema kwamba anabeba, amebeba.

Kwamba kimya hiki ni uteuzi wa msimulizi kunathibitika tukilinganisha na Kurani. Katika sura ya 12, Yusufu anawatamkia ndugu zake waziwazi kwamba siku hiyo hawana lawama, na kuwaombea maghufira. Kisa kingeweza kusimuliwa hivyo. Msimulizi wa Mwanzo alichagua kutuachia vitendo tuvipime wenyewe.

Wala vitendo hivyo havikuja bure. Katika sura ya 44, Yuda, aliyekuwa ametoa shauri la kumuuza Yusufu, anajitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, kwa kuwa hawezi kuyatazama tena majonzi ya baba. Ni baada ya maneno hayo ndipo Yusufu anaposhindwa kujizuia. Aliyeuza ndugu amekubali kuuzwa yeye, na ndipo mlango wa upatanisho unapofunguka.

Lakini usomaji wa haki hauwezi kuishia nyumbani kwa Yakobo. Katika sura ya 47, Wamisri waliokwisha kutoa fedha na mifugo yao wanajitoa pia, pamoja na mashamba yao, kuwa watumwa wa Farao ili wapate chakula. Yusufu yule yule anapokea, anainunua ardhi na kuweka sheria ya sehemu moja ya tano ya mazao. Ombi analolikataa kwa ndugu analikubali kwa wageni. Kitabu cha Kutoka kinapofunguka, mfalme mwingine asiyemjua Yusufu anawatia utumwani wazao wa ndugu wale wale. Msimulizi hasemi kwamba tukio moja lilizaa jingine, ila ameyaweka yote mawili mbele yetu. Kwa hiyo tunahitimisha kwamba Yusufu alisamehe, kwa maana ya kubeba. Lakini msamaha wake ulikomea mpakani mwa ukoo, na ukombozi unaokomea hapo huacha deni kwa kizazi kinachofuata.