Kujitegemea na Kidonge

Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, mimi nilikuwa kijana wa shule. Miaka michache baadaye niliingia chuo cha ualimu, na tulipotoka humo tulikuwa tumeshiba neno hilo. Nililibeba katika kila shule niliyofundisha mkoani Shinyanga. Nililiandika ubaoni, nililiimbisha watoto katika shamba la pamba la shule, na nilipokuwa mwalimu mkuu nililitumia hata kuwakemea walimu wenzangu. Sikujua kwamba siku moja neno hilohilo lingenifanya nitupe dawa yangu chooni usiku.

Nilistaafu mwaka 2010. Maradhi yalinijia miaka kadhaa baadaye, bila kubisha hodi. Nilikuwa nikiamka saa nane za usiku moyo ukipiga kama ngoma, mikono ikitetemeka, nikiogopa kitu nisichoweza kukitaja. Nilidhani ni moyo. Ulipimwa, ukaonekana mzima. Hatimaye daktari mmoja aliniuliza maswali kwa utaratibu, kisha akaniambia kwamba nina maradhi ya wasiwasi yaliyochanganyika na sonona. Akaniandikia amitriptilini, vidonge vya kumeza kila usiku. Kinywa kilikauka na choo kikawa kigumu, lakini baada ya kama mwezi mmoja usingizi ulirudi, na hofu ikapungua hadi nikaweza kwenda mnadani peke yangu.

Ndugu msomaji, ungedhani ningeshukuru. La hasha. Nilificha vidonge vile kana kwamba nimeviiba. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua. Siku moja katika mazungumzo ya wazee, mmoja wetu alisema kwamba mtu akishaanza vidonge vya kichwa, kichwa hicho si chake tena. Hakunisema mimi, maana hakujua. Lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza: mimi niliyefundisha kujitegemea kwa karibu miaka arobaini, leo nategemea kidonge ili niwe mimi? Usiku ule niliamua kuacha. Sikumuuliza daktari, wala sikumwambia mke wangu.

Siku ya tatu nilianza kutoka jasho na kusikia kichefuchefu. Usingizi ulikatika, na nilipoupata kidogo ulijaa ndoto za kutisha. Kichwa kiliuma, na hofu ikarudi ikiwa kali kuliko mwanzo. Nikajisemea: kumbe ndivyo nilivyo bila dawa, sina tiba. Wiki ya pili, mjukuu wangu alimwaga ndoo ya maji mlangoni. Nilimwita mpumbavu mbele ya wenzake, tena kwa maneno mengine ambayo sitayaandika hapa. Mtoto alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Mke wangu akatoka jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, huyu si wewe."

Maneno hayo matatu, "huyu si wewe," ndiyo yaliyonifanya niandike ukurasa huu. Kama yule mkali hakuwa mimi, kwa kuwa dawa ilikuwa imenitoka, basi na yule mpole wa miezi iliyopita hakuwa mimi, bali dawa. Siwezi kuikataa aibu nikaichukua sifa. Na kama wote wawili walikuwa mimi, basi mjukuu wangu alitukanwa na babu yake halisi. Nililifikiri jambo hili siku nyingi, na jibu nililolipata ni hili. Hasira ile huenda haikuwa yangu kabisa, maana mwili ulikuwa katika msukosuko. Lakini kuficha kulikuwa kwangu, na uamuzi wa kuacha kwa siri ulikuwa wangu. Kwa hiyo deni lilikuwa langu. Nilimwita mtoto na kumwomba radhi. Katika ukoo wetu si kawaida ya mzee kumwomba radhi mtoto wa miaka tisa, lakini nilifanya hivyo.

Kisha nilirudi kwa daktari. Nilitegemea karipio, nikapata somo. Alinieleza kwamba nilichokiona siku ya tatu si ugonjwa uliorudi, bali mwili kulalamikia mabadiliko ya ghafla. Ugonjwa ukirudi, kwa kawaida huja polepole, kwa wiki au miezi. Lakini mwili ulionyimwa dawa iliyozoeleka hulia ndani ya siku chache, tena kwa dalili ambazo mgonjwa hakuwa nazo zamani, na mara nyingi hunyamaza dawa ikirudishwa. Aliniambia pia kwamba huo si ulevi, kwani mlevi huitamani pombe, nami sikuwahi kukitamani kidonge. Hata wakubwa wa fani hiyo walichelewa kulitambua jambo hili kwa uzito wake. Nchini Uingereza, chuo cha kifalme cha madaktari wa akili kilibadili msimamo wake mwaka 2019 na kukiri kwamba kwa baadhi ya watu taabu za kuacha dawa hizi huwa kali na za muda mrefu.

Nilipotaka kujua dawa hizi zilitoka wapi, nilikuta kwamba mojawapo ya zile za kwanza ilitoka katika tiba ya kifua kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja ya New York, wagonjwa wa kifua waliopewa dawa mpya walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Basi hazikuanza kama dawa za "vichaa," kama tunavyopenda kusema.

Lakini lililonifungua macho zaidi halikutoka kwa daktari. Lilitoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita. Alinijia kunisalimu, nami, kwa mara ya kwanza, nikamsimulia mtu asiye mke wangu. Alisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, sisi kwenye duara tunaweka matimba kuzuia kuta. Ukitaka kuyatoa, huyatoi yote kwa siku moja. Unaangalia kwanza mwamba. Tena huingii peke yako, lazima awepo mtu juu anayeshika kamba." Nilicheka, kwa kuwa mwanafunzi niliyemchapa viboko kwa hesabu alikuwa amenizidi kwa hekima.

Nikalitazama upya neno langu la kujitegemea. Nilikuwa nimelifundisha nusu. Katika miaka ile neno hilo halikutembea peke yake. Lilikwenda sambamba na ujamaa. Taifa lililoambiwa lisitegemee misaada ya wageni liliambiwa pia kwamba watu wake wategemeane. Hakuna mahali tulipofundishwa kwamba mtu mmoja ajitegemee dhidi ya mkewe, daktari wake na jirani zake. Hicho nilichokiita kujitegemea usiku ule kilikuwa kiburi tu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na ndoo ya maji, nashukuru haikuwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kidonge ni kama miwani au mkongojo, hivyo hakuna la kuhojiwa. Sikubaliani nao kabisa. Miwani haigusi hasira wala huzuni yangu; kidonge hugusa. Kwa hiyo ni haki ya mtu kuuliza mpaka lini, na kwa nini, na ni halali kutaka kuacha. Kosa langu halikuwa kutaka kuacha. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kuacha ni tendo la ushujaa la usiku mmoja.

Daktari alinirudishia dawa, nikatulia. Baadaye, kwa kuwa amitriptilini huweza kumletea mzee kizunguzungu na kuanguka, tulikubaliana kuhamia nyingine, fluoksetini. Hata kuhama kulikuwa kwa hatua: ya zamani ilipunguzwa kidogo kidogo, mpya ikaingizwa kwa uangalifu, maana hizi mbili zikikutana ya pili huweza kuizidisha nguvu ya kwanza. Mke wangu aliandika tarehe katika daftari la mjukuu, pamoja na nilivyolala na nilivyosema na watu. Yeye ndiye anayeshika kamba.

Sijui kama nitafika siku ya kumeza kidonge cha mwisho. Zamani ningeona aibu kukiri hivyo. Wewe uliye na vidonge vyako chini ya godoro, nakuomba jambo moja: usivitupe leo usiku. Mwambie kwanza mtu mmoja, kisha nenda kwa aliyekuandikia, mpange mwendo. Na mawazo ya kutaka kufa yakikujia, nenda siku hiyohiyo, usingoje kupambazuke.

Jana asubuhi mjukuu aliniletea maji ya kumezea dawa. Alinisalimu, "Mwangaluka, babu." Nikaitikia, nikayapokea.